Jirani wa Hema la Kijani

  

Neno letu la asubuhi hii limo katika Kitabu cha Mithali, mlango wa 27, mstari wa 14. Ni mstari mdogo ambao, tukisema kweli, hatukuwahi kuuhubiri hata mara moja katika miaka yetu yote ya utumishi. Wala hatukumbuki mwalimu yeyote wa chuo cha theologia aliyetuuliza swali juu yake. Mwenye hekima anamtazama mtu aliyeondoka kitandani mapema sana, akaenda mlangoni pa rafiki yake na kuanza kumbariki kwa sauti kuu. Maneno ya mtu huyo ni mazuri, na nia yake ni njema. Lakini mwenye hekima aona ya kuwa baraka ya namna ile huyo rafiki ataihesabu kuwa laana. Zamani tulipousoma mstari huu tulicheka. Sasa hatucheki, na tutawaambia sababu.

Mwisho wa juma mmoja wa likizo ya Agosti tulikwenda kupiga kambi na vijana wa parokia yetu waliokuwa wametoka tu kupokea kipaimara. Vijana walikuwa 31, pamoja na walimu wao wawili, Mama Mchungaji na sisi. Mahali tulipopachagua ni ile hifadhi ya taifa iliyo karibu na Naivasha iitwayo Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu. Jina hilo lilitupa kazi. Mzee mmoja aliinuka katika baraza la parokia akauliza kama ni haki fedha za sadaka zitumike kuwapeleka vijana waliowekewa mikono juzi mahali pa jina kama hilo. Tulimjibu ya kuwa Bwana wetu alikwisha kuyataja malango ya kuzimu katika Mathayo 16, wala hakuyaogopa. Baraza likacheka, na fedha zikapitishwa.

Kwa wale wasiopajua, hifadhi hiyo si kubwa. Ni kilomita za mraba 68 tu, nayo ilianzishwa mwaka 1984. Watu waipenda kwa sababu ni mojawapo ya hifadhi chache za nchi yetu ambamo mtu aruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama. Wapita pale punda milia wanakutazama, twiga wanakutazama, na kuta za mwamba zimesimama kushoto na kuume. Si mbali na lango la Elsa kuna jiwe refu lililosimama peke yake kama mnara wa kanisa. Laitwa Fischer's Tower, kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Katika nyufa za jiwe lile wanakaa wale wanyama wadogo ambao Mithali 30 yawataja, wibari, walio wanyonge lakini wanajua kufanya makao yao katika mwamba. Vijana wetu waliwaona kwa macho yao wenyewe wakiota jua. Hayo yalikuwa mahubiri ya kutosha, na sisi hatukufungua kinywa. Laiti tungalikifunga hivyo hata mwisho wa safari!

Tulifika tumechelewa, yapata saa kumi jioni, kwa maana basi lilipata pancha Mai Mahiu. Langoni mambo yalikwenda upesi. Malipo yalikuwa yamekwisha kufanywa kwa simu, na askari alitutaka tu tuache chupa za plastiki za kutumiwa mara moja, kwa kuwa tangu Juni 2020 haziruhusiwi katika hifadhi zetu.

Basi, katika mawazo yetu kambi ilikuwa ni uwanja mpana juu ya genge, sisi na Mungu na ukimya, kama Musa juu ya Sinai. Tuliloliona lilikuwa soko la Jumamosi. Wanafunzi wa shule ya upili walikuwa wamejaa upande mmoja na mahema yao ya rangi zote. Upande wa pili kulikuwa na lori la watalii Wazungu, nao wamepanga vihema vyao kwa safu kama askari. Katikati zilikuwa familia kutoka Nairobi, na kundi la vijana wa ofisini waliokuwa wakichoma mbuzi huku muziki ukivuma kutoka garini. Kamba za hema moja zilipita juu ya kamba za hema lingine, na mtu aliyetaka kwenda msalani ilimpasa aruke kama swala. Tena hapo msalani palikuwa na foleni. Ndugu wasikilizaji, msidhani Biblia haina habari na mambo hayo. Someni Kumbukumbu la Torati 23, mtaona ya kuwa Musa alitoa amri juu ya choo cha kambi, na sababu aliyoitoa ni kwamba Mungu mwenyewe hutembea kambini. Tumeliwaza sana neno hilo tangu siku ile.

Tulizunguka tukitafuta mahali, tukaona hapana. Ndipo bwana mmoja, mtu wa makamo, alipotoka katika hema la kijani, akatutazama sisi na ule umati wa watoto waliobeba magodoro, akacheka. Hakutuuliza sisi ni nani. Aliingia katika gari lake akalisogeza mpaka ukingoni kabisa, akahamisha meko yake, akang'oa kamba mbili za hema lake na kuzifunga upya karibu zaidi. Palipatikana nafasi ya mahema yetu yote, ingawa yalibanana. Tulipoanza kupigilia vigingi kwa mawe, alirudi akatupa nyundo yake. Ilikuwa nyundo ya zamani, mpini wake umezungushiwa mpira mweusi wa baiskeli. "Chukua, Pasta," alisema, "mtanirudishia mkimaliza. Ardhi hii ni ngumu." Hivyo ndivyo tulivyopokelewa.

Jioni hiyo Mama Mchungaji alikwenda bombani kuteka maji, akamkuta mke wa yule bwana. Wanawake wakizungumza bombani, katika dakika tano hujua habari ambazo sisi wachungaji hatuzipati kwa ziara tatu. Alirudi akatukuta tukishughulika na kipaza sauti, akasema, "Baba, mle hemani yumo mama mzee. Amefiwa na mumewe mwezi uliopita, na tangu mazishi hajapata usingizi. Marehemu alifanya kazi Olkaria katika kuchimba visima vya mvuke, zamani zile walipokuwa wameoana karibuni. Mama ametaka auone ule moshi tena. Mwanawe amemleta kwa ajili hiyo."

Hapa yafaa tueleze kidogo. Olkaria ni pale ambapo mvuke utokao chini ya ardhi huzungusha mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981, kwa hiyo umeitangulia hifadhi kwa miaka mitatu. Mvuke ule mweupe waonekana ukipanda nyuma ya vilima, mchana na usiku. Vijana wetu waliuona wakasema jehanamu ndiyo ile. Kumbe kwa mama mmoja aliyekuwa hatua sita kutoka kwetu, mvuke ule ulikuwa ni ujana wake na mume wake.

Mama Mchungaji alipomaliza kusema, tulijibu hivi: "Maskini. Tutamwombea." Na tukaendelea kufunga waya za kipaza sauti.

Kabla ya chakula palitokea jambo dogo. Nyani walikuja ukingoni mwa kambi, dume kubwa likiwa mbele, na baadhi ya vijana wetu wakawatupia mandazi. Ilikuwa furaha kubwa kumwona nyani akidaka andazi kwa mkono kama mtu. Askari wa hifadhi, kijana mpole sana, alikuja akawakataza. Alisema nyani aliyezoea chakula cha watu haombi tena, hunyang'anya, akinyang'anya huuma, na akianza kuuma watoto, mwisho wake ni risasi. "Ninyi mnaona mnampa andazi," alisema, "lakini mnampa mauti." Vijana waliona haya wakaacha. Tuliwahi kusoma ya kuwa huko Marekani, katika hifadhi ya Yosemite, kila mahali pa kambi pana sanduku la chuma la kufungia vyakula ili dubu wasivizoee. Sisi hatukuwa na sanduku wala hatukuwa na akili ya kufunga mikate yetu ndani ya basi. Tuliilaza hemani.

Usiku ukaingia. Wale vijana wa ofisini waliongeza sauti ya muziki wao. Walimu wetu wakaja kwetu wakasema, "Pasta, tukiwaacha hawa wapige nyimbo za dunia peke yao, ushuhuda wetu uko wapi?" Neno hilo lilitupendeza. Tulitoa kipaza sauti, na gitaa, na ngoma, na kayamba. Tuliimba. Tusikilizeni vizuri, hatusemi ya kuwa tuliimba kwa unafiki. Vijana waliimba kwa moyo, wengine walilia, na mmoja alisimama akatubu mambo mazito. Ilipofika saa nne, wale wa muziki wa gari walizima. Sisi tukasema, "Bwana ameshinda," tukaongeza sauti.

Saa saba ya usiku yule askari alikuja na tochi yake. Alisubiri wimbo uishe ndipo akasema, "Pasta, hata mimi ni Mkristo. Lakini hapa kila mtu ameulipia usiku wake." Tulimwambia kwa upole kwamba hii si disko, ni ibada. Alitutazama kidogo, kisha akatazama lile hema la kijani, ambalo taa yake ilikuwa ingali inawaka. Aliondoka. Tulipunguza sauti, tukaimba nyimbo mbili zaidi, tukalala.

Na saa kumi na moja alfajiri tukapiga kengele.

Ndiyo, tulikuwa tumechukua kengele ya shule yetu. Tulisimama katikati ya mahema, giza bado, tukaipiga na kuwaita vijana kwenye sala ya asubuhi kwa sauti kuu. Hapo zipu ya hema la kijani ilifunguliwa. Yule bwana alitoka amejitanda blanketi. Hakukasirika. Tungaliona nafuu kama angalikasirika. Alisema maneno mawili tu: "Mama hajalala."

Tulimjibu, "Pole sana, ndugu. Ni sala fupi tu, tunamaliza sasa hivi."

Wasikilizaji wapenzi, tumekwisha kuyapima maneno hayo yetu mara nyingi, na hatupati mahali pa kuyaficha. Tungaliweza kwenda naye hemani tukapiga magoti mbele ya mama yule tukamwomba radhi. Tungaliweza kunyamaza. Tulichofanya ni kusoma zaburi mbele ya kipaza sauti.

Baada ya chai tulichukua baiskeli tukaenda mpaka penye korongo la Ol Njorowa. Vijana walitamani kushuka, kwa maana korongo lile ni la ajabu, jembamba, maji yamelichonga kama fundi achongavyo mbao. Askari aliyekuwa pale alitazama mawingu yaliyokuwa mbali upande wa milima akasema leo hakuna kushuka. Mvua yaweza kunyesha mahali usipopaona, nawe umesimama juani, na maji yakakujia kama ukuta. Sisi tulijua. Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kundi moja la kanisa, waliotoka Nairobi kwa matembezi kama yetu, walichukuliwa na mafuriko ya ghafla katika korongo lile lile. Septemba 2019 mafuriko yakaua tena. Tulisimama juu, tukawaombea wazazi wa watoto wale, tukageuza baiskeli. Hakuna aliyenung'unika, hata mmoja.

Tulipokuwa tukirudi, Mama Mchungaji alikuwa akisukuma baiskeli kando yetu kwa sababu ya kilima. Akasema, bila kututazama, "Askari wa leo mmemtii upesi."

Hakusema zaidi. Lakini neno hilo lilitupanda mpaka kichwani. Askari wa korongoni alitukataza jambo ambalo lingetuua sisi, nasi tukatii kabla hajamaliza kusema. Askari wa usiku alitukataza jambo lililokuwa likimwumiza mtu mwingine, nasi tukamfundisha theologia. Ole wetu! Nabii Amosi, katika mlango wa 5, asema jinsi Mungu alivyochoka na nyimbo za watu wake, hata akazihesabu kuwa kelele na kuamuru ziondolewe mbele zake. Sisi wachungaji twapenda kuuhubiri mlango ule tukiwaelekezea wanasiasa na matajiri. Siku ile tuliuona umeelekezwa kwenye kipaza sauti chetu, kile tulichokinunua kwa harambee.

Tulikaza mwendo. Tulikuwa tumekwisha kupanga la kusema. Tulikusudia kumpelekea mama chai, kukaa naye, kumsikiliza habari za mume wake na visima vyake, kisha kuwaambia vijana kwamba usiku wa pili hakutakuwa na kipaza sauti wala kengele.

Kambini tulikuta mambo mawili. La kwanza, nyani walikuwa wameingia katika mahema yetu. Dume lile la jana lilikuwa limepasua hema la wasichana na kula mikate yote, na unga wa uji ulimwagika kila mahali. Watoto wa shule ya jirani walisimama mbali wakiogopa. La pili, hema la kijani halikuwapo. Mahali lilipokuwa palikuwa pamefagiwa, hapana hata kipande cha karatasi, na majivu ya meko yamefunikwa kwa udongo. Tulimwuliza askari. Alisema walikuwa wamelipia siku mbili, lakini mama aliomba arudishwe nyumbani. Waliondoka saa tatu wakaelekea barabara ya Nakuru. Tulimwuliza kama mama aliwahi kufika Olkaria. Alisema hajui.

Usiku wa pili tulikaa kimya. Tulisali tukiwa tumekaa chini, kila mtu akisema polepole kama asemavyo na mwenzake. Wazungu wa lile lori walilala mapema. Tuliweza kusikia mmoja wao akikohoa. Tulisikia na fisi mbali sana. Vijana wetu watatu walikwenda kuwaomba radhi wale wa muziki wa gari, nao wakawapa nyama ya mbuzi iliyosalia. Hayo yalikuwa mazuri, lakini hayakumrudisha mtu tuliyemtafuta. Juu ya lile dume la nyani hatukupata habari zaidi, nasi tuliogopa kuuliza.

Tulipokuwa tukikunja mahema Jumatatu, mwalimu mmoja aliokota kitu chini ya godoro, akatuletea. Ilikuwa ile nyundo.

Kwa hiyo leo, wasikilizaji, mtusamehe kama tunayatumia mazungumzo haya kwa ajili ya nyumba moja. Hatukuchukua jina lako, ndugu, wala namba ya gari lako. Tulikuwa na haraka ya kufunga waya. Twajua tu ya kuwa ulielekea upande wa Nakuru, na ya kuwa baba yako alichimba visima vya mvuke Olkaria. Kama unatusikia asubuhi hii, au kama mtu wa nyumbani mwako atausoma ukurasa huu gazetini, twaomba mama atusamehe. Ulitupa nafasi sisi watu 35, nasi tukamnyima mama yako usiku mmoja.

Nyundo yako tunayo. Iko katika ofisi ya parokia, juu ya kabati, na ule mpira wa baiskeli bado umekaza. Waandikie wenye gazeti hili, watatupa habari zako, nasi tutaileta wenyewe. Kama mama atakubali, tutamchukua mpaka Olkaria kwa basi letu, siku atakayoitaja yeye, aone moshi ule. Kipaza sauti tutakiacha nyumbani.